Maziwa ya Saa Nne

Kama unakohoa kila asubuhi na umeshazoea, hata watu wa nyumbani hawageuki tena wakikusikia, ninakuandikia wewe. Mimi si daktari. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi mpaka nikizitaja watu wanadhani ninawadanganya. Nimesukuma mkokoteni, nimeosha magari, nimechimba misingi kwenye mjengo, nimeosha matumbo kwenye buchari, nimeuza miwani ya jua barabarani. Nikishajua kazi inavyofanywa, miguu inaanza kuniwasha na ninaondoka. Ndiyo maana kule Sarang'ombe, Kibera, waliniita Safari.

Kazi moja tu ilinishika, nayo ni ya mifupa.

Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, kimebanwa kati ya kinyozi na choo cha kulipia. Mifupa ya ng'ombe ilikuja kwa magunia kutoka kichinjioni, na mara mojamoja miguu ya ngamia. Tuliichemsha kwenye pipa, tukaikwangua, tukaikata kwa msumeno, kisha ikaenda kwa mashine ya kusaga ipate umbo la shanga, kipuli au kijiko. Nilipenda kuikata na kutazama ndani. Mfupa una mistari kama mbao. Ukizoea unajua ng'ombe huyu alikuwa mzee, huyu alikuwa na njaa. Kila siku nilikuwa na swali jipya, kwa hiyo sikuondoka.

Vumbi la mashine lilikuwa jeupe, laini kama unga wa ngano, na lilinuka kama nywele zilizoungua. Lilikaa kwenye nyusi, kwenye chai, ndani ya masikio.

Saa nne asubuhi mashine zilizimwa, kisha mdosi, mwenye kibanda, akaleta maziwa. Pakiti moja kwa kila aliyekaa kwa mashine. Waliotunga shanga hawakupewa, wala waliochemsha. Maziwa yalikuwa ya kuosha kifua. Hilo kila mtu Nairobi analijua: wachomeleaji wanakunywa, wapaka rangi wanakunywa, wanaopakua simiti wanakunywa. Maziwa yanashuka na vumbi. Kukaa kwa mashine kuliitwa kuwa mtu wa maziwa, na mtu wa maziwa alitembea tofauti kidogo na wengine. Hakuna aliyefunga kitambaa mdomoni. Kitambaa kilikuwa cha mtu asiye na maziwa.

Kikohozi kilianza kwenye baridi ya Julai. Mvua za Novemba ziliponyesha bado kilikuwepo, nami nilikuwa nimetoboa mshipi wangu tundu jipya kwa msumari. Nilianza kusimama njiani nikijifanya ninasoma mabango. Kwa kuwa nilikuwa mtu wa kusoma kila kitu, hata gazeti lililofunga nyama, hakuna aliyeshangaa.

Kwenye zahanati sista aliniuliza ninafanya kazi gani.

"Kibarua," nikasema.

Akaandika. Ndivyo nilivyojibu siku zote, kokote nilipoulizwa. Nilikuwa nimebadilisha kazi mara nyingi mno kutaja moja. Halafu neno hilo linamaliza maswali, na nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Makohozi yangu hayakuonyesha kitu, lakini picha ya kifua ilikuwa na mawingu, na mtu wa Kibera mwenye mawingu kifuani na jasho la usiku anapewa dawa za kifua kikuu. Siwalaumu. Mara nyingi wanakuwa wamepata. Nilimeza. Mkojo wangu ukawa rangi ya soda ya machungwa, na machozi pia, nadhani, ingawa sikulia kuthibitisha. Nilikuwa nimekufa ganzi. Watu walinipa pole nami nikawatazama midomo ikicheza.

Nilipokosa nguvu za kukaa kwa mashine, mdosi alisema kiti hakingoji mtu. Ndugu yangu mdogo, Barasa, alikuwa akichemsha mifupa kwenye kibanda hichohicho. Nilimleta mimi kutoka nyumbani Bungoma. Akaja chumbani kwangu jioni akiwa mweupe kuanzia kichwani.

"Nimekushikia kiti, bro," akasema. "Ukipona unarudi."

"Na wewe?"

"Mimi sasa ni mtu wa maziwa." Akacheka, akakung'uta kofia nje ya mlango.

Nilifurahi kwa ajili yake, kadiri nilivyoweza kufurahi wakati ule.

Mwenye ploti nilikopanga chumba alikuwa Mnubi, Mama Halima, mama mtu mzima aliyezaliwa palepale Kibera, na mama yake pia. Aliniletea gurusa, ile mikate yao laini, na chai, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwanangu, hiki chumba kina kifua," akasema. "Mose alikaa hapa, akaenda na kifua. Kabla yake Kariuki, kifua. Nimewaita watu wakasoma dua, nimepaka chokaa, wapi. Nenda kwa dada yako upate hewa."

Mose ndiye aliyenifundisha kushika mfupa kwa mashine. Kariuki alimfundisha Mose. Chumba kilirithiwa pamoja na kiti. Jambo hilo lilikuwa wazi kama mchana, na mimi mwulizaji wa kila kitu sikuliona. Nilikula gurusa nikafunga nguo zangu kwenye shuka.

Dada yetu Nafula anakaa Kawangware, chumba kimoja ghorofa ya pili, na watoto wawili. Anafulia watu nguo upande wa pili wa barabara kuu, kwenye nyumba zenye bustani. Alinipokea vizuri. Alinipa godoro la chini ya dirisha, na kikombe alichokipaka rangi nyekundu ya kucha ili kisichanganyike. Sahani pia. Watoto waliambiwa wasinikaribie, nao wakalifanya mchezo: aliyegusa godoro la mjomba anatoka.

Siku moja mdogo alikunywa kwenye kikombe changu. Nafula alimpiga, kisha akamwosha mdomo kwa sabuni ya kufulia, kisha akakaa chini akalia. Nilikuwa palepale. Nilitazama sabuni ikitoa povu kwenye kidevu cha mtoto.

"Hata husemi kitu," Nafula akaniambia.

"Niseme nini?"

"Chochote. Nitukane hata. Unakaa hapo kama kabati."

Nilimaliza miezi ya dawa mvua ndefu zikiisha. Kikohozi hakikuisha. Wakasema huenda ni ile TB sugu, wakanianzishia upya, na mdomo ukarudi kuwa na ladha ya chuma. Barasa alikuja Jumapili, mara na ndizi, mara na mkate, na kila mara akiwa na pakiti ya maziwa aliyojinyima.

"Kunywa, ishuke," alisema. Mimi nilikunywa, naye akakohoa kidogo akitazama dirishani. Niliposikia kile kikohozi, kitu kilijisogeza ndani ya ganzi yangu, kidogo tu. Kilikuwa kifupi, kikavu, cha mtu anayeomba radhi. Nilikijua. Ndicho nilichoanza nacho.

Wakati huo vidole vyangu vilikuwa vimebadilika. Ncha zilivimba zikawa kama vichwa vya virungu na kucha zikajikunja kama mgongo wa kijiko. Hakuna aliyenieleza kwa nini, kwa hiyo nilivitazama sana. Niliwaza ni kwa sababu ya kushikilia mifupa.

Hatimaye nilipelekwa kliniki ya kifua kwenye hospitali kubwa. Tulikaa kwenye mabenchi marefu, na kila mmoja alipoitwa, sote tulijisogeza kitako kimoja, hivyo ulirithi uvuguvugu wa mtu uliyemsikia akikohoa asubuhi yote. Ukutani kulikuwa na televisheni isiyo na sauti, mtu anapika keki. Mama mmoja kando yangu alinimiminia uji kwenye kifuniko cha chupa yake ya chai, bila kuniuliza nina nini. Nilishika kifuniko kile kwa mikono miwili. Ulikuwa muda mrefu tangu ninywe kwenye chombo cha mtu mwingine.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi, naye alikuwa na mafua. Alitazama picha zangu, akatazama vidole vyangu, akaniomba nivilete karibu na mwanga.

"Unafanya kazi gani?"

"Kibarua."

"Kibarua ya nini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikaanza kumwambia. Pipa, msumeno, mashine, vumbi. Nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimweleza hata mistari ndani ya mfupa wa ngamia. Aliacha kuandika.

"Wenzako wako aje?"

"Wako sawa. Wengine walikufa."

"Na nini?"

"Kifua," nikasema. Ndilo neno letu. Ukiuliza kwenye matanga, unaambiwa kifua, na hapo maswali yanaisha. Nikamtajia Mose, Kariuki, na Baba Tina aliyewatangulia. Nilipokuwa nikitaja, niliwaona wamekaa mmoja baada ya mwingine kwenye kiti kilekile. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mvi, ukiondoa zile za vumbi.

"Na nani anakaa kwa hiyo mashine sasa?"

"Ndugu yangu. Lakini wanapewa maziwa."

Alipenga kamasi kwanza. Kisha akasema, bila kunicheka, "Maziwa yanaenda tumboni. Vumbi linaenda kwa mapafu. Ni mabomba mawili."

Nilihisi uso unapata moto. Mimi nilikuwa nimeosha matumbo kwenye buchari. Nilikuwa nimeyashika mabomba yale kwa mkono, moja gumu lenye pete, moja laini kama soksi. Nilikuwa nimeyatenganisha kwa kisu. Nilijua, na bado kila saa nne nilikuwa nimekunywa.

Akanieleza yaliyobaki. Haikuwa TB, labda haikuwahi kuwa. Mapafu yalikuwa na makovu, na makovu hayafutiki. Angenipa vidonge vya kutuliza, na kile kipuliziaji cha mdomoni. Dawa yenyewe ilikuwa kutorudi kwenye vumbi, na kutokaa na moshi wa jiko. "Wewe tutajaribu kukushikilia hapo ulipo," akasema. "Ndugu yako, kama bado ni mapema, akitoka anaweza kubaki mzima."

Nilipomwambia Nafula kwamba siambukizi mtu, alichukua kikombe changu akakikwangua rangi kwa kisu. Haikutoka yote. Jikoni hakukuwa mbali na godoro langu, ni hatua na nusu, kwa hiyo tangu siku ile akawa anatoa jiko la makaa nje kwenye ujia, hata mvua ikinyesha, akipika amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Hakulizungumzia.

Jumapili nilimwambia Barasa atoke kwenye mashine. Nilimweleza yote.

"Nitoke niende wapi?" akauliza. "Wewe umezoea kuhama. Mimi sijazoea. Pale wananijua."

"Unakohoa."

"Kila mtu anakohoa, bro. Hata mdosi anakohoa."

"Mdosi hakai kwa mashine."

"Si nakunywa maziwa?"

Maneno hayakumtosha Barasa, ilibidi aonyeshwe. Kwa hiyo nilienda buchari moja hapa Kawangware nikaomba mapafu ya mbuzi na koo lake, mabomba yote mawili yasikatwe. Muuzaji akauliza kama ni ya mbwa. Nikamwambia ni ya watu. Niliyafunga kwenye mfuko mweusi nikaenda Kibera, nikipumzika kwenye kila jiwe, nikafika kibandani saa nne, wamezima mashine.

"Safari!" Huyo alikuwa Onyi, mtu wa mashine ya pili, mcheshi wa kibanda. "Tulisikia umekufa. Tumeshakula hadi pesa ya matanga."

"Bado. Nipe hayo maziwa kidogo."

Nilitandika mfuko kwenye meza ya kutungia shanga, nikaweka mapafu juu. Wakasogea. Nikamimina maziwa ya Onyi kwenye bomba laini. Yakateremka, yakatokea chini, yakamwagika sakafuni yakachora njia kwenye vumbi. Kisha nikapasua pafu kwa kisu. Pinki, safi, hakuna tone la maziwa. Nikachota vumbi mezani, nikalipuliza kwenye bomba gumu, nikapasua tena. Likawa limekaa ndani, jeupe.

Wakainama kulitazama.

"Kwa hivyo," Onyi akasema polepole, "tumekuwa tukikosea. Inafaa tunywe na pua."

Wakacheka wote, nami nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi kilichonikalisha chini. Wakanitazama nikikohoa, nao vicheko vikaisha kimoja kimoja.

"Huyo ni mbuzi lakini," mmoja akasema.

"Na wewe ni nani?" Onyi akamwambia. "Umewahi kujipasua?"

Barasa alikuwa amesimama nyuma na pakiti yake. Aliimaliza taratibu, akaikunja, akarudi kwenye mashine akaiwasha. Mdosi alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona yote. Alinipa mkono akasema nimefanya kazi nzuri, watu wanahitaji kuelimishwa.

Wiki iliyofuata akaacha kuleta maziwa.

Hakuleta barakoa, hakuleta feni, hakutoboa dirisha. Alisema tu kwamba kulingana na Safari mwenyewe, maziwa hayasaidii kitu. Onyi alinipigia simu, na mara hii hakukuwa na mzaha ndani yake.

"Buda, umetunyang'anya kitu kimoja tulichokuwa nacho. Wengine hapa hiyo ndiyo ilikuwa chakula yao ya asubuhi. Ulifikiria hiyo?"

Sikuwa nimeifikiria. Nilikuwa nimefikiria kifua tu.

Barasa hakuja Jumapili ile. Wala iliyofuata. Nilisikia kwamba wanamcheka kibandani, wanamwita ndugu ya mbuzi. Simu yangu hakushika. Vidonge vilinivimbisha uso ukawa wa mtu aliyeshiba, na watu wa ploti walinipongeza kwa kunenepa. Baridi ikarudi. Usiku nililala nimekaa, nimeegemea ukuta. Mchana nilishuka ngazi hadi mlango wa chini na kupanda tena, kwa kuwa daktari alisema mapafu yaliyobaki yafanyishwe kazi. Nilipokuwa nikipanda nilifikiri juu ya Barasa kwenye kile kiti, sasa bila hata maziwa, na hesabu yake ilikuwa rahisi mno. Nilikuwa nimemwonyesha ukweli na nikamwacha palepale alipokuwa, akiwa na njaa zaidi.

Wewe unayenisoma, ukiulizwa kazi, usiseme kibarua. Sema unavuta nini. Simiti, pamba, unga, rangi, moshi wa plastiki, vumbi la mbao, vumbi la mifupa. Sema hata kama foleni ni ndefu. Na ukipewa maziwa, kunywa, ni chakula. Lakini funga mdomo na pua kwa kitambaa kilicholoana, lowesha unachosaga, na ukiweza kutoka, toka. Sijui la kumwambia asiyeweza. Nimelifikiria sana na sijui.

Mwezi wa Septemba, jua limeanza kurudi, nilikuwa kwenye ngazi nikijipumzisha nilipomwona Barasa akiingia getini na godoro begani na begi mkononi. Alinipita, akapanda hadi juu, akaweka vitu mlangoni kwa Nafula, akashuka akakaa kando yangu. Nikamsikiliza. Alikuwa anahema, lakini ni kuhema kwa mtu aliyebeba godoro. Sikusikia mluzi ndani yake. Huenda nilisikia nilichotaka.

"Nimetoka," akasema.

"Kwa mifupa?"

"Tuligombana na mdosi. Karibu mwaka mzima mtu unakaa kwa mashine, halafu anakunyima hata maziwa. Nikamwambia, kama hakuna maziwa, hakuna Barasa." Akatema mate pembeni. "Onyi pia ametoka. Akirudisha maziwa anajua mahali pa kutupata."

Nilifungua mdomo kumwambia kuhusu mabomba mawili, mapafu, Mose na Kariuki na Baba Tina. Kisha nikaufunga.

"Alifanya vibaya sana," nikasema.

"Vibaya kabisa. Hana heshima."

"Kesho asubuhi nina kliniki. Twende wote, wakupige picha."

"Sina ugonjwa mimi."

"Najua. Unisindikize tu. Ile benchi ni ndefu."

Alifikiri. Kule juu Nafula alikuwa amefungua mlango akakuta godoro, na tulimsikia akiuliza watoto ni la nani.

"Basi tutaenda," Barasa akasema. "Lakini mapema. Nataka nikirudi nitafute kazi."

"Ya nini?"

"Yoyote tu."

"Hapana," nikasema. "Ya nini?"

Akanitazama kama mtu anayesumbuliwa, kisha akaanza kunielezea.